Kadi Mbili, Luku Moja

Mwaka na miezi minne nahesabu magunia ya dagaa ya watu,
Mwaloni Kirumba, kalamu sikioni, magamba kwenye kucha,
na kila Ijumaa elfu ishirini inaingia kwenye simu
kwa jina nililolibandika mwenyewe: USIGUSE.
Leo USIGUSE imeguswa.

Kompyuta ipo nusu. Kasha lipo, lina kioo ubavuni,
prosesa ipo, ramu mbili zimelala kama mapacha.
Limebaki pengo moja, refu, jeusi,
kama la jino la mbele la mtoto anayecheka:
pahali pa kadi.

Dukani kwa Magoiga, nyuma ya Makoroboi,
ziko mbili juu ya kaunta. Moja ya kijani, moja nyekundu.
Papo hapo duka likagawanyika.
Waambie Watanzania wachague kati ya kijani na nyekundu
uone kama utapata jibu la kiufundi!
"Nyekundu, dada. Memori nyingi, bei ya kibinadamu,"
akasema Shigela, aliyekuja kununua waya tu.
"Kijani!" akadakia fundi wa printa bila kuinua kichwa.
"Kijani ndiyo yenye vikombe. Hiyo yenu
kila msimu ni mwakani, mwakani."
Wa tatu akaingia kuulizia chaja,
akaisahau chaja, akatetea timu.

Magoiga hakubishana. Alichomeka ya kijani,
akanionyesha dimbwi ndani ya gemu:
"Tazama miale. Taa inajiona humo. Ukuta unajiona humo."
Nikatazama. Kweli lilikuwa zuri,
maji yasiyo na magugu wala chupa za plastiki,
mwanga ukivunjika juu yake kwa adabu.
Laki tatu na nusu zaidi, kwa ajili ya dimbwi.
Mimi nimekulia Igombe.
Miale juu ya maji tuliipata bure,
na kichocho cha nyongeza.

Akachomeka nyekundu. Mbio! Laini!
Askari akikimbia, nyasi zinampisha moja moja,
na feni zinalia kama mashine ya kusaga.
Mshika mbili moja humponyoka, wanasema.
Mimi hata moja sijaishika;
zote mbili zimenishika mimi.

Usiku, kitandani, nikazikuza picha za maboksi
nikasoma kilichoandikwa kwa herufi za sisimizi:
wati.

Naishi Igogo, juu ya jiwe, vyumba vitano, luku moja.
Mama Holo hugawa umeme kwa macho:
balbu elfu tatu, pasi elfu tano,
friji ya Baba Nyamizi iliitiwa kikao.
Nitamwambia nini? Kwamba nimeleta ndani
kitu chenye njaa, kinachokula hadi usiku wa manane
ili niendeshe gari nisilo nalo
katika jiji nisilolijua?

Nikapiga hesabu kama ya magunia.
Nyekundu inazidi kwa wati mia. Saa nne kwa siku.
Yuniti kumi na mbili kwa mwezi.
Kijani itanirudishia laki tatu na nusu zangu
baada ya miaka karibu saba,
nikiwa nimeolewa, au nimehama, au vyote viwili.
Basi nyekundu. Nikaandika nyekundu,
nikapigia mstari mara mbili, nikalala.

Asubuhi nikashuka kwa Mama Holo, ukweli mkononi.
Alikuwa anachambua mchele, kajifunga khanga ya njano na kijani.
Nikaeleza: mashine, kadi, feni, wati.
Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza pumba.
"Hiyo kadi," akasema, "ina rangi gani?"
"Nyekundu."
Akaniangalia kwa muda mrefu
kama mtu anayeangalia penalti ya kuonewa.
"Elfu tisa kwa mwezi."
"Na ingekuwa kijani?"
"Tano."

Nikapanda ngazi za mawe taratibu,
nikatoa kalamu sikioni,
nikafuta mistari yote miwili.